Usiku Mmoja na Shanta Mgongoni

Kabla hujanunua chochote, panda mizani. Ukikuta una kilo 68 kwenda juu, ambazo Wamarekani huzihesabu kuwa paundi 150, utabeba paundi 30 usiku kucha, karibu kilo 14. Ukiwa chini ya hapo, utabeba paundi 20, yaani kilo 9. Huo ni mzigo mkavu: maji, chakula na nguo za kubadili havihesabiwi. Ukivijumlisha vyote, utakuwa kama uliyembeba mtoto wa chekechea mgongoni kuanzia saa tatu usiku hadi jua lichomoze, na njiani hutamtua.

Ninazungumzia Tough ya GORUCK, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jason McCarthy, aliyekuwa askari wa vikosi maalumu vya jeshi la nchi kavu la nchi hiyo. Mwendo wa kwanza wa aina hii waliufanya mwaka 2010. Raia wa kawaida, wanaume kwa wanawake, hukusanywa wawe timu moja chini ya mkufunzi aliyewahi kuwa askari. Kisha hutembezwa mjini usiku kucha wakibeba shanta zao pamoja na mizigo mingine ya pamoja. Hakuna mshindi wala medali ya mwenye kasi. Timu hufika pamoja au huchelewa pamoja.

Nauandika mwongozo huu kwa ajili yako unayeishi Marekani, uliyealikwa na mwenzio wa kazini au wa mazoezi, na unajiuliza kama utaweza. Mimi niliufanya Washington, na nimerudi na jambo moja la kukuambia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: aliye pembeni huuona mwepesi. Usiku ule umetengenezwa kukufundisha kuuona jinsi ulivyo. Maandalizi yako yote, ya miguu, ya mabega na ya tumbo, lengo lake ni kukubakizia nguvu za kumtazama mwenzio.

Chagua daraja lako

Daraja la chini huitwa Basic, la saa nne au tano, na mzigo wake ni mwepesi zaidi. Tough, ambayo ndiyo nitakayoieleza, huchukua saa kumi hadi kumi na mbili. Heavy ni ya saa 24 na zaidi ya kilomita 60. Juu kabisa kuna Selection, ya saa 48, ambako kila mtu hupimwa peke yake na wanaomaliza ni wachache sana.

Kama hujawahi kutembea hata kilomita tano ukiwa na mzigo, anza na Basic. Si aibu. Anayeingia Tough bila maandalizi hujichosha mwenyewe, na huwachosha pia waliojiandaa, kwa sababu hao ndio watakaombeba. Kama una shinikizo la damu, kisukari, au mgongo uliowahi kukusumbua, muone daktari kabla hujalipa ada.

Waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Tanzania, au Huduma ya Vijana kwa Taifa kule Kenya, watayatambua mengi: kutambaa, kuhesabu namba kwa sauti, pushapu zisizokwisha. Tofauti ni kwamba hapa umelipa kwa fedha yako na unaweza kuondoka dakika yoyote. Ishike tofauti hiyo. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina yao kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikikusanya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Wazee wetu walibeba mizigo mizito kuliko yako, kwa miezi, na wengi hawakuulizwa kama wanataka. Maelfu kwa maelfu walifia njiani kwa maradhi na njaa. Saa tisa usiku, bega likiwaka moto, kumbuka kwamba unayo ruhusa ya kutua ambayo wao hawakuwa nayo. Kubeba kwa hiari ni neema.

Shanta na vilivyomo

Tafuta shanta ya kitambaa kigumu, yenye mikanda mipana ya mabegani, yenye kuchukua kama lita 20 hadi 26. Kwa uzito, wengi hutumia bamba la chuma lililotengenezwa kwa kazi hiyo. Miaka ya mwanzo watu walibeba matofali yaliyofungwa kwa selotepu nene, na njia hiyo bado inafaa kwa mazoezi. Pima mzigo wako nyumbani kwa mizani ya mkono, ile ya kupimia masanduku ya safari, kisha ongeza nusu kilo, maana mizani ya mkufunzi haijali kwamba yako ilikosea kidogo.

Namna ya kupanga ni muhimu kuliko ubora wa shanta. Mtazame mama anayembeba mtoto kwa kanga: huinama kwanza, humpandisha mtoto juu mgongoni, ndipo hufunga. Anajua kwamba mtoto akishuka kiunoni atamvuta nyuma na mgongo utauma. Nawe fanya vivyo hivyo. Weka taulo lililokunjwa ndani ya shanta, chini kabisa, juu yake weka uzito, ukae katikati ya mabega na ugandamane na mgongo wako. Ujaze nafasi zilizobaki ili kitu kisitikisike. Mzigo unaochezacheza hukwangua ngozi, na kufikia saa saba usiku kila hatua itakuwa kidonda.

Hakiki orodha utakayotumiwa na waandaaji wa tukio lako. Kwa kawaida utahitaji:

- Mfuko wa maji wenye mrija, wa lita 2 au 3.
- Taa ya kichwa na betri za akiba.
- Mikanda inayoakisi mwanga, ili madereva wawaone.
- Kitambulisho chenye picha, na dola 20 taslimu za nauli ya kurudi endapo utaishia njiani.
- Soksi jozi mbili ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha maji.
- Koti jepesi la mvua, na fulana nzito kama ni msimu wa baridi.
- Glavu za kazi, zile za mafundi ujenzi.
- Mafuta ya mgando, plasta na mkasi mdogo.
- Chakula cha kula ukitembea.

Usiongeze kitu cha “huenda kitafaa”. Kila gramu utakayoongeza utaibeba saa kumi na mbili.

Wiki kumi za maandalizi

Wiki tatu za kwanza, tembea mara mbili kwa wiki ukiwa na asilimia kumi ya uzito wa mwili wako, kilomita nne au tano kila mara. Wiki ya nne hadi ya sita, panda hadi uzito kamili na kilomita kumi. Wiki moja ongeza uzito, inayofuata ongeza masafa; kamwe usiongeze vyote viwili kwa pamoja. Wiki ya saba hadi ya tisa, fanya angalau safari mbili za kilomita 15 na kuendelea. Wiki ya kumi, pumzika: tembea bila mzigo na ulale mapema.

Upime mwendo wako kwa saa. Askari wa miguu wa Marekani wanaowania beji ya Expert Infantryman hutakiwa kutembea maili 12, yaani kilomita 19, kwa saa tatu, wakiwa na mzigo mkavu wa paundi 35. Wewe huhitaji kasi hiyo. Ukiweza kilomita kumi kwa saa moja na dakika arobaini na uzito wako kamili, kisha ukapanda ngazi za nyumbani bila kushika ukuta, miguu yako iko tayari. Usikimbie na mzigo mazoezini, maana magoti ndiyo yatakayolipa.

Siku nyingine za wiki, shughulikia mabega, kiuno na mikono. Piga pushapu. Chuchumaa na kusimama ukiwa na shanta. Nunua mfuko wa mchanga kwenye duka la vifaa vya ujenzi, uuingize katika begi imara, uubebe mita mia begani, ubadilishe bega, urudi. Watu wengi hufundisha miguu peke yake na kusahau kwamba usiku ule vitu huinuliwa kutoka chini tena na tena. Jifunze kuinua kwa kuchuchumaa, mgongo ukiwa umenyooka.

Na mara moja, mwombe rafiki mwende pamoja saa nane usiku, kwenye njia yenye taa na salama. Mwili wa saa nane usiku si mwili wa saa nane mchana. Tumbo hukataa chakula, baridi huingia hata wakati wa joto, na mawazo mabaya huja kwa wingi. Ni vizuri ukutane na hali hiyo mara ya kwanza ukiwa karibu na nyumbani.

Miguu, tumbo na maji

Kata kucha za vidole vya miguu siku tatu kabla, usisubiri siku yenyewe. Vaa soksi za sufi, au za nyuzi zinazokauka upesi, kwa sababu pamba hushika maji na kuchubua. Viatu viwe umeshavitembelea wiki nyingi na visiwe vya kuhifadhi maji, maana kulowa utalowa. Pakaza mafuta ya mgando kwenye nyayo, kati ya mapaja, na mahali mikanda inapogusa. Malengelenge hutangulizwa na joto: ukihisi sehemu moja ya unyayo inaungua, kwenye pumziko la kwanza vua kiatu, kausha, bandika plasta. Dakika mbili za hapo zinaokoa saa sita za mbele.

Mchana wa siku hiyo kula unachokizoea, wali au ugali na mboga, na umalize muda mrefu kabla ya kuanza. Usiku, kula kidogo kila saa, hata kama huna hamu. Mimi nilibeba tende na kashata za karanga, kwa sababu zina sukari, mafuta na chumvi kidogo, na haziharibiki zikibanwa. Beba zaidi ya zako, maana daima kuna aliyeishiwa.

Kunywa maji kidogo kidogo, mara nyingi, na uwe na paketi za chumvi na sukari za kuchanganya. Wengi wanaogopa kiu na kusahau hatari ya upande wa pili: maji mengi matupu huzimua chumvi ya damu, na mtu huanza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa. Kiu ikuongoze, na chumvi isikosekane.

Usiku wenyewe

Mkufunzi atawapanga, atakagua vifaa, atapima mizigo. Kisha huanza kipindi ambacho wenyewe hukiita karamu ya kuwakaribisha. Kwa saa moja au mbili mtapiga pushapu shanta zikiwa mgongoni, mtatambaa kwenye majani yaliyoloa, mtatembea kwa mikono na miguu, magoti yasiguse chini. Mtahesabu namba, na mmoja akikosea, wote mtaanza upya. Makosa makubwa ya hapa ni mawili: kutaka kuonyesha nguvu, na kukasirika. Kipindi hiki kipo ili mchoke wote sawasawa, kila mtu auvue ubingwa wake. Fanya kila kitu kwa kasi ya timu, mtazame wa kulia na wa kushoto, na uyajue majina yao kabla ya saa sita.

Kisha safari inaanza. Mtapewa mahali pa kufika na muda wa kufika. Bendera ya Marekani hutangulia, na nyuma yake hufuata mizigo ya pamoja: mifuko ya mchanga, madumu ya maji, pengine gogo. Wenyewe huiita kuponi. Ni hapa shanta yako inapokuwa jambo dogo.

Gogo letu tulilikuta kando ya mto Potomac, la mti uliokufa, limeloa. Watu wanane tuliliweka begani. Mbele yangu alikuwa mama mmoja wa makamo, mfupi kuliko sisi sote. Nilivyomtazama kwa nyuma niliona gogo halimgusi bega, nikajiambia kwamba yeye hana alichobeba, uzito wote ni wetu. Saa tisa na nusu bega langu la kulia lilikuwa limekufa ganzi. Sikusema. Niliona aibu kuwa wa kwanza kuomba kubadilishwa. Nikajikwaa, goti likakunjika, na uzito wangu wote ukamwendea yule mama. Magoti yake yakagonga lami.

Hakupiga kelele. Aliinuka, wengine wakalishika gogo, akaniambia kwa utulivu kwamba ningesema mapema. Kisha tukabadilishana nafasi, na hapo ndipo nilipoona. Kwa kuwa bega lake halikulifikia gogo, alikuwa amelishikilia kwa viganja, mikono yote miwili juu ya kichwa, muda wote ule. Vidole vilikuwa vimekakamaa hata hakuweza kufungua kizibo cha maji. Niliuona mzigo wake kuwa usufi kwa sababu nilikuwa nyuma yake.

Tulifanya mambo mawili, nawe uyafanye mapema kuliko sisi. Kwanza, tulijipanga upya kwa kimo, wafupi upande mmoja, warefu upande wa pili, ili gogo lilale sawa kwenye kila bega. Pili, nilitoa taulo kwenye shanta yangu, nikalisokota kuwa ingata, kama wanavyofanya kina mama nyumbani kabla ya kujitwisha ndoo, nikamwekea begani kuziba pengo lililobaki. Wamarekani wale hawakuwahi kuiona ingata. Nusu saa baadaye walikuwa wamesokota tano.

Ukipewa uongozi

Mkufunzi huteua kiongozi na msaidizi wake, na huwabadilisha usiku kucha. Zamu yako huenda ikafika. Sikiliza maelekezo mpaka mwisho, kisha yarudie kwa sauti mbele ya mkufunzi. Kama Kiingereza chake cha kijeshi kimekupita, uliza tena bila haya, maana kosa la kutosikia huwagharimu watu ishirini. Hesabu watu na vitu kabla ya kuondoka na baada ya kufika. Mpe msaidizi wako kazi ya saa na ramani, wewe ubaki na watu.

Panga zamu za mizigo kwa saa, usizipange kwa uchovu. Kila dakika kumi, wabebaji hubadilika, hata anayesema bado ana nguvu. Ukisubiri mtu aombe, utapata watu wa aina yangu, wanaonyamaza mpaka waanguke. Waliochoka zaidi waweke mbele, watoe mwendo, kwa sababu nyuma ndiko watu hupotea. Mkichelewa, mtaadhibiwa kwa mazoezi au kwa kuongezewa uzito. Pokea, usimtafute wa kulaumiwa. Na kama sauti unayo, imba. Nilianzisha wimbo wa mchakamchaka, wakaitikia bila kujua maana ya neno hata moja, na hatua zikawa moja.

Kabla ya alfajiri wakufunzi wengi husimulia habari za wenzao waliokufa vitani. Matukio mengine hufanywa kwa kumbukumbu maalumu. Mogadishu Mile, kwa mfano, hukumbuka mapigano ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, ambamo wanajeshi 18 wa Marekani waliuawa, na Wasomali mamia. Kwetu sisi tulioishi na kusoma na Wasomali, Mogadishu ni mji wa majirani. Sikiliza kwa heshima, maana msimulizi anamlilia rafiki yake. Nawe uwakumbuke moyoni waliokufa wa pande zote mbili.

Wakati wa kusema basi

Maumivu ya uchovu huenea na hupungua ukipumzika. Maumivu ya jeraha hukaa mahali pamoja na huchoma kila hatua. Ya kwanza yavumilie, ya pili yataje mara moja. Mwambie mkufunzi bila kuchelewa ukimuona mtu, au ukijiona mwenyewe, unachanganyikiwa, unatetemeka bila kukoma, unaumwa kifua, au ngozi ina moto na mtu hajielewi. Na kwa siku mbili tatu zinazofuata, angalia mkojo. Ukiwa na rangi ya chai ya rangi, misuli inavunjika na figo ziko hatarini. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kesho.

Anayeacha kwa sababu hizo hajashindwa. Mbebee shanta yake mpaka kwenye gari.

Asubuhi

Mwishoni mkufunzi humpa kila aliyemaliza nembo ndogo ya kitambaa, mkononi, mmoja mmoja. Usiendeshe gari kurudi nyumbani ukiwa peke yako na usingizi machoni. Omba mtu aje kukuchukua, umpange kabla ya siku hiyo. Kula, osha miguu, kausha vizuri, lala. Kesho yake tembea kidogo bila mzigo ili misuli ilegee.

Lakini kabla ya hayo yote, mnapoambiwa mtue, usiwe wa kwanza. Geuka kwa aliye kushoto kwako, ushike shanta yake kwa chini, uinyanyue aweze kutoa mikono kwenye mikanda. Kwa sekunde chache itakuwa mikononi mwako yote, imelowa, na jasho lake. Isikie ilivyo nzito. Kisha iweke chini taratibu.